Toki renchi ndogo: kwa nini bolti ya namba kumi haitaki spana ya magurudumu

Afande mmoja wa hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, alileta Toyota Spacio yake gereji asubuhi na mapema. Oili ilikuwa inavuja juu ya injini na kuteremkia kwenye mashimo ya plagi. Kazi yenyewe ni ya kawaida: fungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), badilisha gasketi, rudisha. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua toki renchi yangu ya kwanza, spana inayopima nguvu ya kukaza, ya draivu (kile kichwa cha mraba kinachoshika soketi) ya nusu inchi, nzito, ndefu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na nilitaka gari la afande likazwe kwa kipimo, si kwa kukisia. Kitabu cha injini ya gari hilo, 1NZ, kinasema bolti za kava hukazwa kwa Nm 10 (kipimo nitakachokieleza hapa chini). Mstari wa chini kabisa kwenye mpini wa spana yangu ulikuwa 28. Nikauzungusha mpini ukashuka chini ya 28, nikakadiria mahali ambapo 10 ingekuwa, nikaanza kukaza huku nikisubiri mlio unaosema kipimo kimefika, ule wa "tak".

Mlio haukuja. Nilihisi bolti inalainika mkononi, ule ulaini ambao kila fundi anaujua na kuuogopa, kisha kichwa chake kikabaki ndani ya soketi na mwili ukabaki ndani ya silinda hedi.

"Fundi, imekatika?" afande aliniuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Imekatika, afande. Nitaitoa."

Kuitoa kulikula siku nzima. Kupiga alama katikati, kutoboa kwa drili nyembamba, kusogea taratibu ili drili isihamie kwenye alumini ambayo ni laini kuliko bolti yenyewe. Gharama niliibeba mimi, na afande alirudi nyumbani kwa boda.

Mafundi wenzangu waliposikia, wengi walisema ningetumia mkono tu. Wana sababu ya kusema hivyo. Mkono wangu ungesimama mapema, kwa sababu mkono wa fundi wa miaka kadhaa unaijua bolti ya namba kumi. Spana ndiyo iliyonifanya niendelee, maana nilikuwa nasubiri sauti ambayo isingekuja. Toki renchi kubwa ikilazimishwa kufanya kazi ndogo ni hatari kuliko kutokuwa nayo kabisa, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke kabla hujatoa pesa yako dukani.

Jerikeni mbili

Toki ni nguvu ya kuzungusha. Unachukua nguvu unayovuta nayo, unaizidisha kwa umbali kutoka katikati ya nati hadi pale mkono wako uliposhika. Nguvu hupimwa kwa niutoni, umbali kwa mita, ndiyo maana kipimo huandikwa Nm, yaani niutoni-mita. Kilo moja ikining'inia huvuta kwa niutoni 9.81, basi wengi huhesabu kama 10.

Sasa tumia kitu tunachokibeba kila siku. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, ukiining'iniza kwenye spana nusu mita kutoka kwenye nati, inatoa takriban Nm 98. Hapo umekaribia sana kipimo cha nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo, ambacho ni Nm 103. Chukua jerikeni ndogo ya lita 5, iweke sentimita 20 tu kutoka kwenye nati. Hiyo ni Nm 9.8, yaani bolti ya tapeti kava. Zitazame hizo jerikeni mbili zikiwa pamoja na utaona mara moja kwamba mtu mmoja hawezi kuzipima kwa kifaa kimoja na akategemea usahihi uleule. Muuza dhahabu hatumii mzani wa gunia la mahindi.

Kwenye gari dogo au pikipiki, kazi nyepesi karibu zote ziko upande wa jerikeni ndogo. Bolti ya M6 (uzi wa mm 6), ile inayofunguliwa kwa spana namba kumi, ikiwa ya daraja la ugumu la 8.8 huchukua karibu Nm 10. M8, ambayo kwenye magari ya Kijapani hufunguliwa kwa namba kumi na mbili, huchukua karibu 25. Plagi hutegemea unene wa uzi wake: NGK wanashauri, kwa hedi ya alumini, Nm 10 hadi 12 kwa plagi ya mm 10, 15 hadi 20 kwa mm 12, na 25 hadi 30 kwa mm 14 yenye washa. Kitabu cha injini yako kikisema namba nyingine, fuata kitabu. Nati ya sampu (ile ya kumwagia oili) ya Toyota nyingi ni kama 37. Baada ya hapo unaanza kuingia kwenye breki, sasi na magurudumu, na hiyo ni kazi ya spana nyingine.

Namba za chini ya mzani

Toki renchi ya mlio ina springi ndani ya mpini. Ukizungusha mpini unaibana springi, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyohitaji nguvu kubwa zaidi kabla ya kile kipande cha ndani kuteleza na kugonga "tak". Springi ya spana kubwa ni nene. Ukiilegeza hadi karibu na mwisho wake, haibani tena kwa mpangilio: inacheza, inakwama kwenye grisi, leo inatoa hivi, kesho vile. Ndiyo sababu viwanda huahidi usahihi kuanzia asilimia 20 ya kipimo cha juu, na chini ya hapo havina ahadi.

Fanya hesabu hiyo ukiwa dukani. Spana iliyoandikwa 28 hadi 210: asilimia 20 ya 210 ni 42. Kwa hiyo hata ile 28 iliyochorwa kwenye mpini haina dhamana, na 10 yangu ilikuwa ndoto. Spana ya 5 hadi 25: asilimia 20 ya 25 ni 5, na mzani unaanzia hapohapo. Huyo ni mtengenezaji aliyechora kile tu anachoweza kukisimamia.

Kuna jambo la pili limejificha kwenye karatasi ya ndani ya boksi, na wauzaji wengi hawalijui. Kosa linaloruhusiwa, tuseme asilimia 4, ni asilimia 4 ya nini? Kwenye spana nzuri za mlio ni asilimia 4 ya kipimo ulichoweka: ukiweka 10, kosa ni 0.4, na bolti haitalalamika. Lakini vifaa vingine, hasa baadhi ya vile vya mshale na vya saa, vinavyoonyesha kipimo kwa sindano badala ya mlio, huhesabu asilimia ya kipimo cha juu kabisa. Asilimia 4 ya 210 ni 8.4. Ukikaza kwa 10 na kifaa chenye kosa la 8.4, unaweza kuwa umeacha bolti karibu ilegee au umeikaza karibu mara mbili ya inavyotakiwa, na bado kifaa kiko ndani ya ahadi yake. Soma hiyo karatasi. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi ni ISO 6789, nacho huruhusu asilimia 4 kwa spana za kawaida za mlio zenye kipimo cha juu kinachozidi Nm 10, na asilimia 6 kwa zile ndogo zaidi ambazo mwisho wake ni 10 au chini.

Kwa hiyo unachagua namna gani? Mimi naanza na nati, siendi dukani kuanza na spana. Andika kwenye daftari kazi ulizofanya mwezi uliopita na vipimo vyake. Chagua spana ambayo namba unazozitumia sana zinaangukia katikati ya mzani wake, si kwenye mkia wala kwenye pua.

Kwa fundi wa boda na fundi anayefungua tapeti kava, pampu za maji, sampu za gia na plagi nyembamba, jibu langu ni 5 hadi 25 yenye draivu ya robo inchi. Hii ndiyo spana inayookoa bolti. Haitafika kwenye plagi ya mm 14 inayotaka 27, na usiilazimishe ifike. Kwa mwenye gari anayebadilisha oili na plagi zake mwenyewe nyumbani, hasa kama plagi zake ni za 25 na nati ya sampu ni 37, ile ya 10 hadi 60 yenye draivu ya tatu kwa nane inamfaa zaidi. Lakini ajue kwamba asilimia 20 ya 60 ni 12, hivyo bolti za kava za 10 bado ziko nje ya uwezo wake. Nimeona watu wakinunua ya 10 hadi 60 wakiamini wamepata spana ya kila kitu. Hakuna spana ya kila kitu, na ukiwa na pesa ya moja tu, nunua ile inayolinda nyuzi za alumini. Nati ya gurudumu utaikaza kwa spana ya gurudumu hadi uikopee kipimo kwa jirani. Uzi wa hedi ukishaliwa, hakuna wa kukukopesha mwingine.

Mshale, mlio au betri

Ya mshale ni chuma kinachopinda na sindano inayoonyesha namba. Haina springi ya kuchoka, na sindano ikipotoka ukiwa hujakaza kitu, unaikunja taratibu irudi kwenye sifuri. Kwa uaminifu wa miaka mingi naiheshimu. Shida yake ni kwamba lazima uitazame moja kwa moja kutoka juu, na ndani ya injini ya Toyota Noah, ambako hata mkono hauingii vizuri, macho yatapita wapi? Ya betri huonyesha namba, hulia na kutikisika, lakini bei yake iko juu, na vumbi letu na mikono ya oili havina urafiki na vioo na vitufe. Kwa gereji ya kawaida naishia kwenye ya mlio.

Dukani, iwe Kisekka au Ndeeba kule Kampala au duka la karibu nawe, usikubali kuonyeshwa boksi tu. Itoe. Iweke karibu na kipimo chake cha chini, weka soketi, shika nati yoyote iliyokazwa, uvute taratibu mara tano au sita. Unataka kuhisi mguso uleule kila mara. Spana ndogo hulia kwa sauti ya chini sana ikiwekwa 5 au 6, na palipo na jenereta au kompresa hutaisikia, kwa hiyo vidole vyako ndivyo sikio lako: kama huhisi mguso wake dukani, hutauhisi gereji. Tazama pia hatua za mzani. Spana ndogo inapaswa kukuwezesha kuongeza robo ya Nm au chini ya hapo. Ikiruka Nm nzima kwa hatua, hiyo ni spana kubwa iliyofupishwa. Kama ndani kuna cheti cha upimaji, linganisha namba iliyo kwenye karatasi na iliyochongwa kwenye chuma. Nimewahi kufungua boksi zikawa namba mbili tofauti, na cheti cha spana nyingine hakikusaidii.

Angalia herufi za kipimo kwa makini, maana hapo ndipo watu huvunja bolti wakiwa na kifaa kizima. Nm 10 ni karibu inchi-pauni 88, na ni karibu futi-pauni 7.4. Inchi-pauni na futi-pauni zinatofautiana mara kumi na mbili. Mtu akisoma 88 kwenye kitabu cha Kimarekani akaiweka kwenye mzani wa futi-pauni, ameagiza karibu Nm 119 kwa bolti ya namba kumi. Vitabu vya zamani vya Kijapani huandika kgf·cm. Hivyo ni rahisi: ondoa sifuri moja na umefika karibu kabisa na Nm. 100 ya kitabu ni 10 yako.

Bolti haijui namba

Bolti ni springi ngumu sana. Tunapoikaza tunaivuta irefuke kidogo mno, na ule ubishi wake wa kutaka kurudi ndio unaobana vitu viwili pamoja. Mvutano huo ndio tunaoutaka. Toki ni njia tu ya kuukisia kutoka nje, na ni njia yenye makato mengi barabarani: kwa makadirio ya kawaida, nusu ya nguvu yako huishia kwenye msuguano chini ya kichwa cha bolti, asilimia 40 kwenye nyuzi, na kama asilimia 10 tu ndiyo hufika kuivuta bolti.

Sasa fikiri kinachotokea ukipaka oili kwenye uzi uliokusudiwa kukazwa mkavu. Msuguano unapungua, na nguvu iliyokuwa inaliwa njiani inaenda kwenye bolti. Spana imelia kwa 10 kama ulivyoiagiza, kumbe bolti imevutwa kama ya kipimo kikubwa zaidi. Kinyume chake, uzi wenye kutu au mchanga utaifanya spana ilie mapema na kava itaendelea kuvuja. Kwa hiyo nusu ya kazi ya toki renchi ni brashi ya waya na kitambaa. Safisha uzi, puliza shimo, uache mkavu isipokuwa kitabu kimesema upake. Plagi za NGK huja zikiwa na mipako yake ya chuma, na wao wenyewe hawataki zipakwe grisi.

Shimo la bolti lisilotokea upande wa pili ni balaa peke yake: oili ikibaki chini, bolti huifinya, na hedi inaweza kupasuka huku mkono ukidhani unakaza.

Bolti zote anza kuziingiza kwa vidole. Kisha anza za katikati, toka nje kwa zamu, zungusha mara ya kwanza kwa nusu ya kipimo na mara ya pili kwa kipimo kamili. Tapeti kava nyingi zinazovuja hazivuji kwa sababu ya kulegea. Zinavuja kwa sababu upande mmoja umebanwa hadi gasketi ikatokeza nje na upande mwingine umeguswa tu. Vuta taratibu, mkono ukiwa katikati ya mpini pale penye alama, na ikilia mara moja, acha. Kurudia "tak" mara tatu kwa kujihakikishia ni kukaza zaidi kila mara. Ekstensheni iliyonyooka kutoka kwenye soketi haibadilishi kipimo, lakini kipande kinachorefusha spana kwenda mbele kinabadilisha: kama spana ina sentimita 22 kutoka draivu hadi mkononi na umeongeza 3, basi kupata 10 unaweka 10 mara 22 gawanya kwa 25, yaani 8.8.

Na kamwe usifungulie nayo nati. Kwa hilo kuna pawa baa, mpini mrefu wa kufungulia.

Jerikeni tena

ISO 6789 inataka spana ipimwe upya kila baada ya miezi 12 au matumizi 5000, chochote kitakachotangulia. Gereji inayohitaji cheti ianze kwa kuuliza maabara ya vipimo ya shirika letu la viwango, UNBS, kule Bweyogerere. Kati ya cheti na cheti, sisi tunafanya hivi.

Bana draivu ya spana kwenye jiliwa, mpini ukiwa umelala sawa na ardhi, upande wa kukaza. Pima kutoka katikati ya draivu hadi alama ya mkono. Yangu ndogo, ya 5 hadi 25, ni sentimita 22. Jaza jerikeni hadi mzani wa muuza nyama useme kilo 5 pamoja na plastiki na kamba yake. Hiyo inatoa Nm 10.8. Spana nayo ina uzito wake, na kwenye vipimo vidogo uzito huo si wa kupuuza: yangu ni nusu kilo na husawazika kwenye kidole nikiiweka sentimita 12 kutoka draivu, kwa hiyo inaongeza Nm 0.6. Jumla ni 11.4. Naiweka spana 10.5, naishusha jerikeni polepole bila kuiachia ghafla, na lazima ilie. Naiweka 12.5, na lazima inyamaze. Ikikosea lolote kati ya hayo, naipiga mara tano hivi katikati ya mzani ili grisi isambae ndani, narudia, na ikikosea tena inatoka kazini siku hiyohiyo.

Kisha naizungusha irudi 5, mstari wake wa chini kabisa, si chini zaidi, maana springi ikiachwa imebanwa usiku kucha huchoka na ikilegezwa kupita mstari vipande vya ndani huhama. Inalala ndani ya boksi lake, mbali na nyundo. Jerikeni inakaa chini ya jiliwa, imepakwa alama ya rangi nyeupe pale maji yanapofikia kilo 5, na kijana anayejifunza kwangu huijaza kila Jumatatu kabla hatujafungua gari lolote.